Fundi wa Nini? Kazi za Watu Zinavyopotea Ndani ya Dodoso

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inapotoa matokeo ya Utafiti wa Nguvu Kazi, vyombo vya habari hukimbilia tarakimu moja: kiwango cha ukosefu wa ajira. Kimeshuka au kimepanda? Mjadala unawaka siku mbili tatu, kisha unapoa. Jedwali linaloonyesha Watanzania wanafanya kazi gani, kundi kwa kundi, halimshughulishi mtu. Wakati hilo ndilo lingepaswa kuamua VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ifungue karakana ya nini na mkoa gani, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF uwatafute wapi wanachama wa sekta isiyo rasmi, na kijana anayemaliza kidato cha nne ashauriwe nini. Mimi ni msomaji wa jedwali hilo wa muda mrefu. Kadiri ninavyofuatilia linavyotengenezwa, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba taarifa zake tunaziharibu mapema mno, mlangoni kwa mtu, kabla hata ya mchambuzi kufungua kompyuta yake.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Mdadisi anapiga hodi kwenye kaya iliyochaguliwa, siku hizi akiwa na kishikwambi badala ya rundo la karatasi. Anaorodhesha wanakaya, kisha kwa kila aliyefikia umri wa kufanya kazi anauliza kama katika siku saba zilizopita amefanya kazi yoyote ya malipo au faida, hata kama ni kwa saa moja tu. Jibu likiwa ndiyo, linafuata swali la kazi yenyewe: ni kazi gani hiyo? Anachojibiwa anakiandika kwa maneno mawili, matatu. Maneno hayo ndiyo yanayogeuzwa kuwa namba ya tarakimu nne kwa kufuata mwongozo wa taifa wa uainishaji wa kazi, unaofahamika kwa kifupi chake, TASCO. Nao TASCO umejengwa juu ya ISCO, mfumo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO).

Toleo la ISCO linalotumika sasa lilipitishwa Desemba 2007 na linaitwa ISCO-08. Lina makundi makuu 10, yanayogawanyika mpaka kufikia makundi madogo kabisa 436. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayobeba uzito. Kundi la 1 ni viongozi na mameneja, la 2 ni wataalamu, la 3 mafundi sanifu na wenzao, la 4 makarani, la 5 watoa huduma na wauzaji, la 6 wakulima, wafugaji na wavuvi, la 7 mafundi wa kazi za mikono, la 8 madereva na waendesha mitambo. La 9 ni kazi ambazo mfumo unazihesabu kuwa hazihitaji mafunzo marefu, na sifuri ni majeshi. Mtu akishapewa namba, kila kitakachosemwa baadaye kuhusu ujuzi wake, kipato cha watu wa aina yake na mahitaji ya mafunzo yao kitatokana na namba hiyo. Maneno aliyoyasema hayafunguliwi tena.

Sasa fikiria jibu ambalo mdadisi hukutana nalo kila siku: fundi.

Fundi cherehani ana namba 7531. Mwashi ni 7112. Fundi magari ni 7231, wa mabomba 7126, wa umeme wa majumbani 7411. Anayetengeneza simu pale kwenye meza yenye kioo na taa ya mwanga mkali ana namba yake upande wa vifaa vya kielektroniki. Seremala wa vitanda na makabati yuko mahali pamoja, seremala wa kenchi za paa yuko pengine. Na kijana anayebeba zege, ambaye mtaani naye huitwa fundi na watu wanaomheshimu, katika vitabu vya ILO si fundi hata kidogo: yuko kundi la 9, kibarua wa ujenzi, 9313. Mdadisi aliyeandika "fundi" na kupita ameacha watu hawa wote kwenye chungu kimoja. Anayekaa ofisini kutoa namba hana pa kushika isipokuwa kuangalia safu ya pili, ile ya shughuli ya kiuchumi ya mahali pa kazi, na kukisia. Kama safu hiyo inasema ujenzi, atachagua mwashi, kwa sababu waashi ni wengi. Fundi umeme wa kwenye jengo hilohilo ameshapotea.

Jibu jingine linalotusumbua ni lile la mahali. "Yupo bandarini." "Anafanya hospitali ya wilaya." "Yuko mgodini." Kwa mazungumzo ya kawaida inatosha kabisa, maana tunachotaka kujua kuhusu ndugu ya mtu ni kama mkono wake unaenda kinywani. Kwa uainishaji haitoshi. Hospitali ya wilaya ina daktari, muuguzi, mtunza kumbukumbu, mlinzi, dereva na mfua mashuka, na hao wanagawanyika katika makundi makuu matano au zaidi. Wakenya wana tatizo lao linalofanana na hili. Mtu akisema yuko jua kali ametaja sekta, na kwa takwimu za KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, sekta isiyo rasmi inabeba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote nje ya kilimo kidogo, kwa hiyo jibu hilo halimtofautishi na karibu kila jirani yake.

Halafu kuna "mfanyabiashara" na ndugu yake wa siku hizi, "mjasiriamali". Jibu hili lilipata nguvu zaidi Desemba 2018, Rais Magufuli alipoanza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayakufika milioni 4. Muuza mitumba, msusi, mchoma mahindi na fundi viatu wote walipata kadi yenye maneno yaleyale. Siwalaumu wakimwambia mdadisi kile kilichoandikwa kwenye kadi yao. Serikali yenyewe ndiyo iliyowapa jina hilo. Ila ukisema mtu ni mjasiriamali umeeleza anajiajiri au ameajiriwa, jambo ambalo dodoso lina swali lake pembeni. Hujaeleza kutwa nzima anafanya nini.

Hata jibu likiwa wazi, kuna watu ambao kazi yao haikai kwenye namba moja. Mfuatilie mama lishe mmoja, wa kawaida tu, wa karibu na jengo linalojengwa. Saa kumi alfajiri amewasha mkaa na kuinjika maharage aliyoyaloweka usiku. Saa kumi na mbili anasukuma chapati. Saa nne supu iko tayari na vibarua wa awamu ya kwanza wamekaa kwenye benchi. Saa sita anapakua wali na samaki, huku binti anayemlipa kwa siku akiosha sahani kwenye ndoo mbili. Wengi wanakula kwa mkopo hadi Jumamosi, na madeni anayaandika kwenye daftari alilolifunga na mpira ili kurasa zisitoke. Jioni anapita sokoni kununua vitu vya kesho, anabishana bei ya nyanya, anapiga hesabu ya mkaa.

Akiandikwa "anapika", atakuwa mpishi, 5120. Akiandikwa "anauza chakula barabarani", 5212. Akisema ana mgahawa na mfanyakazi mmoja, kuna mtoa namba atakayemweka 1412, meneja wa mgahawa, kundi moja na wakurugenzi. Na kama aliyejibu ni mwanawe aliyesema "mama anafanya kazi za jikoni kwenye kibanda", anaweza kuishia 9412, msaidizi wa jikoni, mahali ambapo kwa haki angepaswa kuwa yule binti wa kuosha vyombo. Makundi makuu matatu, mtu yuleyule, siku ileile. ISCO-08 ina kanuni za kusaidia: kama kazi za mtu zina viwango tofauti vya ujuzi, fuata kile cha juu, kama anazalisha na kuuza, tanguliza uzalishaji. Kanuni hizo ni nzuri, lakini zinadai kwamba anayetoa namba ajue mtu huyo anafanya mambo gani. Maneno mawili ya kwenye kishikwambi hayamwambii.

Tena mama huyu ana historia katika vitabu hivi ambayo wachache wanaijua. Katika toleo la 1988, ISCO-88, muuza chakula wa mtaani alikuwa kundi la 9 pamoja na wabeba mizigo. Toleo la 2008 likampandisha hadi kundi la 5, la watoa huduma na wauzaji, na kundi la 9 likabaki na wachuuzi wa mtaani wasiouza chakula. Kwa hiyo nchi iliyohama kutoka toleo moja kwenda jingine itaona kundi la 9 limepungua na kundi la 5 limeongezeka, na mtu asiyejua atatangaza kwamba kazi za hali ya chini zinapungua. Kumbe mama yuko palepale, na benchi lake lilelile, na anayemdai kodi ya kibanda ni yuleyule.

Hapa ndipo ninapoona umuhimu wa kutunza maneno. Kama ofisi ina kumbukumbu ya alichosema mtu miaka kumi na tano iliyopita, inaweza kumpa namba upya kwa mwongozo mpya na kulinganisha vitu vinavyolingana. Kama ina namba tupu, itategemea majedwali ya kubadilisha namba ya zamani kuwa mpya, na majedwali hayo hukwama pale ambapo kundi moja la zamani limegawanywa katika makundi mapya kadhaa. Kilimo ni mfano mzuri. ISCO-88 ilikuwa na kundi dogo moja tu, 6210, la wanaolima, kufuga au kuvua kwa ajili ya kujikimu. ISCO-08 ikalifanya kuwa manne: wa mazao, wa mifugo, wa vyote viwili, na wa uvuvi, uwindaji na uokotaji. Ukiwa na 6210 mkononi, huwezi kurudi nyuma na kusema nani alikuwa na ng'ombe.

Na kazi mpya nazo haziisubiri ILO. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. ISCO-08 ilipitishwa Desemba 2007, wakati hakuna mtu Geneva aliyeweza kudhani kwamba kona kwa kona ya Afrika Mashariki itakuwa na mtu amekaa chini ya mwavuli akipokea na kutoa fedha kwa simu. Wakala huyo ni nani? Anafanya kazi inayofanana na karani wa dirishani benki, 4211. Anafanana pia na mshika fedha wa dukani, 5230. Wengi wanauza na vocha, soda na sabuni, kwa hiyo ni wenye maduka, 5221. Mtoa namba mmoja atamweka huku, mwingine kule, na wote wawili watakuwa na hoja. Kariakoo kuna winga, kijana asiye na duka wala bidhaa, anayemshika mteja mkono, anajua nguo gani iko ghorofa ya ngapi, na anaishi kwa cha juu, yaani anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka. Sijaona kundi linalomtosha. Wangeandikwa kama walivyojieleza, kwa maneno yao, tungekuwa na ushahidi wa maandishi wa kazi hizi zilivyochipua na kuenea. Tukiwapachika kwenye namba iliyo karibu na kuyatupa maneno, tunaifuta historia ya uchumi wetu kadiri inavyotokea.

Bodaboda ametendewa vizuri kidogo, kwa sababu mwendesha pikipiki ana namba yake, 8321, kundi moja na madereva wengine. Ila aliyebeba abiria kwa baiskeli, kazi iliyoanza mpakani mwa Kenya na Uganda miaka ya 1960 kwa jina hilohilo, ni 9331, kundi la chini. Mdadisi aliyeandika "bodaboda" bila kutaja chombo amemwachia mtoa namba kuamua mtu huyo ana ujuzi wa daraja la pili au la kwanza, ambalo ndilo la chini kabisa. Mjini siku hizi utapatia, kwani baiskeli zimebaki chache. Kwa data za miaka ya nyuma, au za wilaya ambako baiskeli bado zinabeba watu, utakosea bila kujua.

Zanzibar nako kuna wanawake wa mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilishika kasi pwani ya mashariki ya Unguja kuanzia 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Akiulizwa atasema analima mwani. Mdadisi mwenye haraka anaona neno "analima", anagusa "mkulima wa mazao", anaendelea. Kwa uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi, kilimo cha mwani kiko upande wa ufugaji wa viumbe wa majini, pamoja na samaki, si pamoja na mihogo. Mwanamke anayesimama majini akifunga vipande kwenye kamba wakati maji yametoka ana hatari zake za kazi, mnunuzi wake na msimu wake unaofuata bamvua. Akihesabiwa pamoja na wakulima wa nchi kavu, mipango ya bahari itafanyika bila yeye.

Wakulima wenyewe wanahitaji mjadala mrefu zaidi, kwa kuwa ndio wengi na ndio tunaowafahamu vibaya kuliko wote. Mwongozo unataka kujua kama mtu analima hasa kwa kuuza au hasa kwa chakula chake. Muulize mama wa Ifakara, bonde la Kilombero. Desemba anapanda mpunga. Januari na Februari, ghala likiwa limebaki tupu, anakwenda kupalilia shamba la mwingine na kulipwa kwa ngwe, na asubuhi anauza vitumbua. Juni na Julai anavuna. Anauza magunia kadhaa haraka kulipa ada na deni la trekta, na mengine anayaweka. Bei ikiwa nzuri anauza zaidi ya alivyopanga, kisha Februari ananunua mchele dukani. Huyu analima kwa kuuza au kwa kula? Akiulizwa Julai, mpunga ukiwa uwanjani na wanunuzi wamepaki malori, jibu litakuwa moja. Akiulizwa Februari litakuwa jingine, na kwa wiki hiyo ya Februari kazi yake kuu huenda ikawa kibarua wa shamba, 9211, au muuza vitumbua.

Swali hili lilikuwa dogo zamani. Oktoba 2013 likawa kubwa, pale Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi uliposema kwamba ajira ni kazi ya malipo au faida, na kwamba anayezalisha hasa kwa matumizi ya kaya yake anafanya kazi, lakini kazi ya aina nyingine, inayopaswa kupimwa pembeni. Rwanda iliuchukua mwongozo huo ilipoanza utafiti wake mpya wa nguvu kazi mwaka 2016. Nchi ambayo tafiti zake za awali zilionyesha ukosefu wa ajira ulio chini ya asilimia 5 ikajikuta ikitangaza zaidi ya asilimia 15. Hakuna viwanda vilivyofungwa. Watu waliokuwa wakihesabiwa wameajiriwa kwenye mashamba yao waliondoka upande mmoja wa jedwali, na wale miongoni mwao waliokuwa tayari kufanya kazi ya kipato wakaonekana kwa mara ya kwanza.

Naiunga mkono tafsiri ya 2013. Imetuonyesha uhaba wa kazi uliokuwa umefichwa na jembe. Ninachokipinga ni kuibeba tafsiri nzito kiasi hicho juu ya swali moja jepesi linaloulizwa wiki moja ya mwaka. Mama wa Ifakara angeulizwa mambo matatu, msimu uliopita alivuna kiasi gani, aliuza kiasi gani na aliweka kiasi gani, angejibu bila kusita, kwa magunia na debe. Kugeuza majibu hayo kuwa "hasa kwa kuuza" au "hasa kwa kula" ni kazi ya ofisi. Tumemtwisha yeye hesabu ambayo ni yetu.

Lingine ni nani anayejibu. Mdadisi hufika saa nne asubuhi, akamkuta mmoja, akamuuliza habari za wote. Hapa hatuna haja ya kukisia, kwa sababu jaribio lilishafanyika Tanzania. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliohusishwa na Benki ya Dunia waliendesha utafiti wa hali ya kaya na kazi ulioitwa SHWALITA, na katika kaya zaidi ya 1,300 za wilaya 7 waligawa kwa kura aina mbili za maswali ya kazi, marefu na mafupi, na aina mbili za wajibuji, mhusika mwenyewe na mtu wa kumsemea. Maswali mafupi yaliwafanya wengi wahesabu shughuli za nyumbani kuwa kazi, na hizo zilipoondolewa ili kufuata kanuni za ILO, ajira za wanawake zilitoka pungufu kuliko kwenye maswali marefu. Na pale aliposemewa mtu, kiwango cha wanaume walio kazini kilishuka kwa kiasi kikubwa, hasa kwa sababu msemaji hakutaja kazi zao za shambani. Upungufu huo ulikuwa mdogo zaidi pale msemaji alipokuwa mwenzi wa mhusika au mtu aliyepata angalau elimu kidogo ya shule.

Jaribio hilo lilihusu kama mtu anafanya kazi au la. Kama msemaji anakosea hata hapo, je, atapatia namba ya tarakimu nne? Baba anajua kijana wake "anahangaika mjini". Hajui kama ni saidia fundi, winga au deiwaka wa daladala. Na kuna jibu moja ambalo nadhani limewaficha wasichana wengi kuliko jingine lolote: "Huyu ni mtoto wa shangazi, anatusaidia tu." Analala jikoni, anaamka wa kwanza, anafua, anapika, anawapeleka watoto shule, na mwisho wa mwezi fedha kidogo inatumwa kwa mama yake kijijini. Kwenye dodoso anaingia kama jamaa wa mkuu wa kaya, asiye na kazi. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Angeulizwa mbele ya mwajiri wake, pengine angejibu hivyohivyo.

Na tusisahau kwamba katika nchi hii swali la "unafanya kazi gani" liliwahi kuwa na adhabu. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, ikataka kila mkazi mwenye uwezo asajiliwe pamoja na kazi yake. Dar es Salaam watu wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi walikamatwa mitaani kama wazururaji na kurudishwa vijijini, na walioumia zaidi walikuwa wachuuzi na wanawake waliojiajiri, yaani watu waliokuwa kazini kuliko wengi. Operesheni hiyo ilikwama, na leseni za biashara ndogondogo zikaanza kutolewa. Lakini kizazi kizima kilijifunza kwamba mtu mwenye kalamu akiuliza kazi yako, unampa jina linalokubalika. Wajukuu wao leo wanajua machinga anaweza kuhamishwa na mgambo wakati wowote. Akijibu "mfanyabiashara" na kunyamaza, ana sababu. Mdadisi anayeeleza vizuri kwamba taarifa zinalindwa na Sheria ya Takwimu, na akaeleza kwa subira, atapata jibu bora kuliko mwenye programu mpya kabisa.

Tiba ninayoipendekeza ni ya kawaida, na mabingwa wa ILO wameihimiza kwa miaka: uliza jina la kazi, kisha uliza mambo makuu anayoyafanya mtu katika kazi hiyo, kisha mahali hapo panazalisha au kutoa huduma gani. Swali la pili ndilo la kupigania. "Kwa siku ya kawaida, unafanya nini na nini?" Fundi atasema anachomelea mageti. Mfanyabiashara atasema ananunua nguo za mtumba kwa bero na kuziuza rejareja. Wa hospitali ya wilaya atasema anapokea kadi za wagonjwa na kuzipanga. Wenye bajeti watasema kila swali ni dakika, na dakika zikizidishwa kwa maelfu ya kaya ni fedha za mafuta na posho. Ni kweli. Lakini tumeshalipia gari, mafuta, posho na kishikwambi, tumefika mlangoni, halafu tunaondoka na neno "fundi". Hiyo safari ndiyo ya gharama.

Vishikwambi navyo vimeleta hatari yake. Orodha ya kuchagua inapofunguka mbele ya mdadisi aliyechoka, atagusa jina la juu lililo karibu na alichosikia, na hapo hata yale maneno mawili hayataandikwa tena. Ningetaka orodha ije baada ya maelezo kuandikwa, isiwe badala yake. Ufaransa, taasisi ya takwimu ya INSEE ilitoa namba za kazi kwa kompyuta kwa miongo kadhaa kwa programu ya SICORE; Uingereza, Chuo Kikuu cha Warwick kilitengeneza CASCOT. Programu hizo zinafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna hazina ya majibu halisi ya watu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, yaliyokwishapewa namba na watu wenye uzoefu. Kiswahili hakina hazina ya namna hiyo iliyo wazi, ingawa wadadisi wetu wamekuwa wakiandika majibu ya aina hiyo tangu tafiti za 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. ILO nayo imeanza kuipitia upya ISCO-08. Toleo jipya likija, nani atakayepeleka maelezo ya winga, wakala na mwanamke wa mwani, na atayatoa wapi?

Najua pingamizi moja ambalo ni zito. Maneno ya mtu yanaweza kumfichua. Katika kata yenye mkunga wa jadi mmoja au mrekebisha saa mmoja, maelezo ya kazi pekee yanatosha kumtambua, na sheria inakataza hilo kwa haki kabisa. Kwa hiyo maneno yasitolewe yakiwa yameambatana na kijiji, umri na kipato. Yatolewe peke yake, kila maelezo na namba yake ya TASCO, bila mkoa wala jinsia, na yale yanayotajwa na watu wachache sana yaondolewe. Faili la namna hiyo halimfichui mtu, na linatosha kwa kufundishia wadadisi wapya, kwa kupima kama watoa namba wawili wanakubaliana, na kwa kujenga programu ya Kiswahili. NBS na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar zinaweza kuanza na tafiti zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta, kabla hazijaandaa dodoso la utafiti ujao.